Aliyetajwa Baada ya Punda

Daktari Mbeneka amenirudishia sura ya pili
imejaa wino mwekundu kama nyanya zilizokanyagwa Marikiti.
Pembeni kaandika: "Unahubiri. Nilikuomba uhesabu."

Nihesabu nini? Watu wenyewe ni vumbi
la miaka elfu mbili na mia tano na ushei,
nami niko ghorofa ya nne, Donholm,
stima imebaki yuniti tatu.

Haya, nimehesabu.
Amri ya siku ya saba ina orodha:
wewe, mwana, binti, mtumwa, mjakazi,
ng'ombe, punda, mifugo iliyosalia,
na mwisho, pumzi ya msomaji ikikaribia kukata,
mgeni wa langoni.
Baada ya punda.
Hana nyumba ya baba. Hana ukoo.
Hana shamba la kurudishiwa mwaka wa hamsini.
Anaishi kwa hisani, na hisani haina stakabadhi.

Mke hayumo.
Hapo Mbeneka alicheka peke yake,
kicheko kikavu cha mtu aliyeolewa mara mbili:
"Wote wamepumzika. Chakula kiliivaje?"

Hilo nalijua kwa pua.
Kila Ijumaa Bosibori, mke wa mwenye nyumba,
huchemsha, hukaanga, hufunika,
mpaka jua lizame nyuma ya matangi ya maji;
ndipo Mzee Omwansa huzima redio
na sabato ikaingia katika ploti yetu
bila kubisha hodi.

Nani aliifungulia?

Ekuwam.
Kibanda chake cha mabati kinatosha kiti na nusu ya mtu.
Kwao, ng'ambo ya Lokichar, anataja mababu saba bila kukwama;
hapa ana jina moja, Soja,
na hilo pia ameachiwa na aliyemtangulia.

Nilimuuliza, daftari mkononi:
"Wewe hupumzika lini?"
Akaitazama kalamu kwanza.
"Jumamosi haiwezekani. Jumamosi ni sabato.
Wakiwa kanisani, nani atachunga?"

Hakuwa anatania.

Nilikuwa nimejaza kurasa arobaini:
koo za milimani zilizomkataa mfalme, kisha zikamwomba,
makuhani na funguo za ghala,
waliohamishwa Babeli, ambao kwa kukosa ukuta wa mawe
walijenga ukuta wa siku.
Nilijivunia sentensi hiyo.
Mbeneka aliikata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake:
"Hakuna anayekataza kisichotendeka.
Wakiamriwa wampumzishe, maana yake
hakuwa akipumzika."

Jumamosi iliyofuata nilikaa kibandani mimi.
Ekuwam aliondoka saa mbili asubuhi
na shati lililopigwa pasi, hakusema aendako,
nami sikuuliza; huo ndio utafiti pekee
niliowahi kuufanya vizuri.

Magari kumi na tisa. Bodaboda sita.
Mama wa maziwa. Kijana wa intaneti na ngazi yake.
Bati likipata moto hulia tik, tik,
na lango ni zito kuliko linavyoonekana kutoka juu.

Saa nane honi ikapigwa.
Nikafungua. Mzee Omwansa, tai ya kijani,
ambaye kila tarehe tano huipokea kodi yangu
na kunisomea tarakimu moja moja,
alishusha kioo nusu, macho yake barabarani:
"Asante, Soja."

Bosibori, kando yake, alinitazama.
Alinitazama hasa.
Kisha akageuza uso kwenye sufuria alizopakata.

Jioni Ekuwam alirudi, vumbi kwenye viatu,
akachukua kitabu cha wageni kabla ya salamu,
akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole,
kama Mbeneka.

"Hili liliingia saa tano," akasema.
"Halikutoka?"

Lilitoka. Nilikuwa nawaza juu ya Babeli.

Akaketi. Akaomba kalamu.